Chuo Tunacho, Kazi Iko Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wahitimu wa kisomo, Wilaya ya Morogoro, katika Juma la Elimu ya Watu Wazima)



Leo hatukuja kuhutubia. Tumekuja kujibu swali. Tulipopita huku mara ya mwisho, mama mmoja wa darasa la jioni alisimama akatuuliza hivi: "Mwalimu, usiku tukikaa huku mlimani tunaziona taa za chuo kule chini. Mwanangu amesoma hapo miaka mitatu. Tuliuza ng'ombe, tukauza na kipande cha shamba. Amemaliza, amerudi, analima nyanya pamoja nami. Watu wanamcheka. Sasa hicho chuo kinatusaidia nini sisi?"

Siku ile tulikosa jibu. Tulimwambia, "Mama, tupe muda tukalifikirie." Tumelifikiria. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tuyazungumze pamoja, na mahali tulipokosea mtusahihishe.

Mji wetu una nini?

Mji wa Morogoro watu huuita "mji kasoro bahari". Maana yake, una kila kitu ila bahari. Na vyuo navyo unavyo kweli.

Chini ya milima ya Uluguru kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wengi tunakiita SUA. Mwaka 1965 kilianza kama chuo cha kilimo. Baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 1 Julai 1984 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Aprili mwaka huohuo, hapa hapa mkoani kwetu.

Ukienda njia ya Iringa utakikuta Chuo Kikuu cha Mzumbe. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Kipo pia Chuo Kikuu cha Waislamu, kipo chuo cha ualimu kule Kigurunyembe, na vipo vyuo vya ufundi stadi.

Basi elimu ipo. Lakini tuulizane: watu wengi wa mji huu wanaishi kwa kazi gani? Wengi wanapangisha vyumba kwa wanafunzi. Wengine ni mama lishe. Vijana wanaendesha bodaboda. Wengine ni vibarua wa viwandani na wa ujenzi. Kazi hizi zote ni za heshima, wala hatuzidharau. Lakini malipo yake ni madogo, tena hayatabiriki. Vyuo vikifungwa, mama lishe anabaki na sufuria yake ya wali, na mwenye bodaboda anasinzia kijiweni. Mji mzima unangoja wanafunzi warudi.

Na yule kijana aliyemaliza chuo anafanya nini? Anapanda basi pale Msamvu, anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Tumemlea sisi, tumemsomesha sisi, maarifa yake yanatumika kwingine. Tunakuwa kama mfugaji anayelisha ng'ombe mwaka mzima halafu maziwa yakakamuliwa kwa jirani.

Kazi ya malipo mazuri inamhusu nini mkulima?

Mtu anaweza kusema, "Mimi ni mkulima. Mishahara ya mjini hainihusu." Haya, tupige hesabu. Sote tumejifunza kuhesabu katika kisomo. Hesabu hii ni ya mfano tu.

Tuseme kibarua analipwa shilingi 6,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 26, anapata shilingi 156,000 kwa mwezi. Akitoa kodi ya chumba, unga, mkaa na nauli, anabaki na nini? Hana cha kununua maziwa. Mayai anakula sikukuu.

Sasa tuseme mtu mwingine ni fundi wa mitambo, au ni mpimaji katika maabara. Analipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Huyu watoto wake wanakunywa maziwa. Akinunua lita moja kila siku kwa shilingi 2,000, ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Wakiwepo watu 500 wa namna hiyo, hela ya maziwa peke yake ni shilingi milioni 30 kila mwezi. Je, maziwa hayo yanatoka wapi? Yanatoka kwa mfugaji. Bado hatujahesabu mayai, mboga, ndizi, na matofali na mbao atakapojenga nyumba.

Mnaona basi. Mshahara mzuri wa mjini unapanda mlima kwa miguu, unakuja mpaka kwetu. Mshahara mdogo hauna nguvu ya kupanda. Unaishia dukani pale pale.

Tulikwisha kujaribu

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Miaka ya 1970 na 1980 Serikali ilijenga viwanda vingi Morogoro. Palikuwa na kiwanda cha turubai, cha nguo, cha ngozi na cha viatu. Vijana waliacha majembe wakaenda kuajiriwa.

Tukitazame kile cha viatu. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na nyingi ziuzwe Ulaya. Lakini hakikupata kufikia hata jozi 5 katika kila jozi 100 zilizokusudiwa. Mashine zilikuwa hazifai kwa hali yetu. Jengo lenyewe halikufaa kwa nchi ya joto. Viatu havikuwa vya kuwashinda wengine katika soko la Ulaya. Mwaka 1990 kiwanda kilifungwa. Mkopo ulibaki kuwa deni la taifa, na wafanyakazi wakarudi makwao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari ile mgeni alikuja na mwenyeji hakupona. Kwa nini? Kwa sababu kiwanda kilifikiriwa kuanzia mashine na soko la mbali. Hakikuanza na vitu tulivyokuwa navyo na tulivyovijua. Kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na ngozi, lakini kati ya ngozi ya mfugaji na kiatu cha kuuzwa Ulaya kuna hatua nyingi za ufundi, na hatua hizo hazikujengwa.

Somo la kwanza basi ni hili: jengo kubwa si kazi. Kazi ya kudumu inashika mizizi mahali penye ujuzi, penye mali ghafi, na penye mnunuzi anayejulikana.

Panya aliyepata nishani

Sasa tuwape mfano mwingine, huu ni wa kufurahisha. Ni wa hapa hapa kwetu, lakini wengi hawaujui.

Nani hamjui panya buku? Yule panya mkubwa, anayejaza chakula mashavuni akaenda kukificha. Sisi tunamfukuza ghalani. Lakini walikuwepo watu waliojiuliza: panya huyu anasikia harufu kuliko sisi, je, hawezi kufundishwa kazi? Shirika linaloitwa APOPO lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997. Mwaka 2000 lilihamia Morogoro, likashirikiana na SUA. Wakaanza kuwafundisha panya kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita.

Panya hao walipelekwa Msumbiji, Angola na Kambodia. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yaliyokuwa yakijulikana, na panya wetu walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Panya mmoja aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa hapa Morogoro, aligundua mabomu ya ardhini 71 kule Kambodia, pamoja na silaha nyingine zilizokuwa hazijalipuka. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa na chama kimoja cha wanyama cha Uingereza. Hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alikufa mwezi Januari 2022, akiwa amekwisha kustaafu kama mtumishi mwema.

Panya wengine wamefundishwa kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Shirika hilo linasema panya mmoja anaweza kupitia vipimo 100 kwa dakika 20 hivi. Halafu wataalamu wanavihakikisha vile alivyovionyesha.

Mnacheka? Chekeni, lakini tazameni ndani yake kuna kazi ngapi. Yuko anayewazalisha panya. Yuko anayewafundisha kila asubuhi. Yuko daktari wa mifugo, yuko mtu wa maabara, yuko mhasibu. Hizi ni kazi za ujuzi, na makao yake ni Morogoro.

Kilichowaleta ni nini? Mnyama mwenyewe alikuwapo. Na pale SUA walikuwapo watu waliokwisha kusoma habari za panya miaka mingi, kwa sababu panya wanakula mahindi ya wakulima. Mtu mwenye swali alikuja mahali penye majibu. Hilo ndilo somo la pili: maarifa yaliyokusanywa kwa ajili ya shida ya mkulima yanaweza kumwita mwajiri kutoka ng'ambo.

Habari ya Marekani

Tusijione wa kwanza kupata shida hii. Marekani liko jimbo linaloitwa North Carolina. Zamani watu wake waliishi kwa kulima tumbaku, na kwa kazi za viwanda vya nguo na vya samani. Mishahara ilikuwa midogo. Lakini katika miji mitatu iliyo jirani, Raleigh, Durham na Chapel Hill, palikuwa na vyuo vikuu vitatu vyenye sifa. Vijana walisoma pale, wakimaliza wanaondoka. Ni kama yule kijana wetu wa Msamvu.

Viongozi wa jimbo, wenye mali na wakuu wa vyuo walikaa pamoja. Mwaka 1959 walianzisha eneo la utafiti katikati ya ile miji mitatu, mahali palipokuwa msitu wa misonobari. Walisema, asiyekuja kufanya kazi ya utafiti na ufundi wa juu asipewe nafasi hapa.

Je, kampuni zilikuja mbio? Hapana. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kungoja. Mwaka 1965 ndipo kampuni ya IBM, ya mashine za kompyuta, ilipokubali kuja. Baada ya hapo wengine wakafuata. Leo eneo lile linajulikana dunia nzima.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni subira. Tangu mwaka wa kuanza mpaka kampuni ile kuja ilikuwa miaka 6. La pili ni kushirikiana. Vyuo vitatu vilikubali kufanya kazi pamoja, na serikali ilikaa meza moja na wafanyabiashara. Lakini tuseme na ubaya wake. Kazi nzuri zilipoongezeka, bei za nyumba na ardhi nazo zilipanda. Mwenye kipato kidogo alibanwa. Jambo hilo na sisi tulione mapema.

Tufanye nini?

Mtasema, "Mwalimu, sisi si wakuu wa vyuo, wala si mawaziri." Ni kweli. Kuna mambo ya Serikali na ya Manispaa: umeme usiokatika, barabara, kodi zinazoeleweka, na ofisi inayomhudumia mwenye kiwanda bila kumzungusha. Hayo tuwadai viongozi wetu. Tukienda katika mikutano tuulize. Lakini yapo mambo matano ambayo yako mikononi mwetu.

1. Tulinde maji. Hakuna kiwanda bila maji. Bwawa la Mindu, linaloupa mji maji, linajazwa na mto Ngerengere unaotoka katika milima hii. Mto Ruvu nao unatoka huku, na unanywesha mpaka Dar es Salaam. Tukikata miti ya vyanzo na kulima mpaka kingo za mto, tunafukuza kazi bila kujua.

2. Tutoe mali ya daraja moja. Mgeta wanalima mboga na matunda ya baridi. Matombo na Kinole wana ndizi, mananasi na viungo kama mdalasini na karafuu. Lakini mwenye kiwanda hawezi kujenga karibu nasi kama leo tunamletea nanasi bivu, kesho bichi, na keshokutwa hatuna. Tuungane katika ushirika. Tupime, tuchague, tuandike katika daftari. Kisomo ni kwa kazi hiyo.

3. Tuanze kusindika wenyewe. Tunda likioza ni hasara. Likikaushwa na kufungwa vizuri lina bei, na kazi ya kulikausha ni ajira. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, hufundisha kazi hizi. Tena halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi viandikishwe, viombe. Ukinyimwa, uliza sababu.

4. Tusiuze ardhi kwa pupa. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari imekuwa fupi, haifiki saa mbili. Ni jambo jema. Lakini reli hupeleka na huleta. Inaweza kuleta mwenye kiwanda, na inaweza kuleta mtu wa kununua ekari zako kwa bei ya kutupa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano huo. Kwa hiyo ukisikia mkutano umeitwa, nenda. Usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma mpaka mwisho. Zamani tulitia dole gumba. Sasa tunajua kusoma, hatuna udhuru.

5. Watoto wasome hesabu na sayansi, na wasichana wasiachwe nyuma. Kazi nzuri zikija watoto wetu wakawa hawajui, watapewa watu wa mbali. Sisi tutabaki kufagia na kulinda mageti. Tukimtoa msichana shuleni ili aolewe, tumemfungia mlango wa maabara kabla haujajengwa.

Turudi kwa mama yetu

Sasa, mama, tumekuja na jibu, lakini si jibu zima. Hatuwezi kukuambia kwamba mwezi ujao mwanao atapata mshahara mkubwa. Tukisema hivyo tutakuwa tunakudanganya.

Lakini kabla ya mkutano huu tulipita shambani kwenu. Mwanao alituonyesha daftari lake. Ameandika siku aliyopanda, dawa aliyonunua, fedha iliyotoka na iliyoingia. Ametuambia ya kwamba katika kila tenga kumi za nyanya, mbili zinaoza njiani, na anatafuta njia ya kuzikausha. Tulimwuliza, "Je, wakulima wenzako wanazo hesabu kama hizi?" Akasema, "Hawaniulizi. Wananicheka."

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipoona aibu, sisi wote. Tunalia kwamba vijana wetu wasomi wanakimbilia mjini, na huyu mmoja aliyerudi tunamcheka. Tunangoja kampuni ya ng'ambo ije itafute ujuzi kwetu, na sisi wenyewe ujuzi uliokaa jirani hatujauliza hodi.

Kazi yenye malipo mazuri huanza na mtu mmoja anayejua jambo, na wengine wanaomsikiliza. Wale wa panya buku walianza hivyo. Wale wa North Carolina walianza hivyo. Tunashauri kikundi cha kisomo cha hapa kimwalike kijana huyu Jumatano ijayo aje na daftari lake. Asije kuhutubia. Aje tupige hesabu ya nyanya zinazooza kijiji kizima kwa msimu mmoja. Tukiijua hela hiyo, tutajua kama inatosha kununua kaushio la jua la kwanza. Kisha tutume wajumbe wawili, mwanamke na mwanamume, waende SUA na SIDO wakaulize. Zile taa zinazoonekana usiku, mchana zina milango. Tukabishe.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni vijana wangapi wa kijiji chetu wamemaliza chuo? Wako wapi sasa, na wanafanya kazi gani?
2. Ni mazao gani yanayooza kwetu kila msimu? Tukadirie hasara yake kwa shilingi.
3. Kiwanda cha viatu kilishindwa kwa sababu gani? Mtu akija leo kutuahidi kiwanda, tumwulize maswali gani kabla ya kumpa ardhi?
4. Kwa nini tunamcheka msomi anayelima? Tufanye nini ili ujuzi wake utufae?